PIKAPU YA DIZELI: UTAJUAJE KAMA ITADUMU?

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mtu atakaye kununua gari, na hasa yule atakaye gari la kazi. Gari jipya hung'aa, na muuzaji hulisifu kwa maneno matamu. Lakini jambo la maana kwa mnunuzi si jinsi gari lilivyo leo, bali jinsi litakavyokuwa baada ya miaka kumi na mitano, likiwa limekwisha kwenda maili 200,000 au zaidi. Makala haya yakusudia kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kulipima jambo hilo kwa akili, wala si kwa uvumi.

Magari tutakayoyatumia kwa mfano ni zile pikapu kubwa za dizeli za Marekani: Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500 ambazo zamani ziliitwa Dodge, na zile za Chevrolet na GMC za daraja hiyo hiyo. Usukani wake uko kushoto, kwa hiyo si nyingi zionekanazo katika barabara zetu. Lakini huko kwao ndizo punda wa mkulima, wa mwashi na wa mchukuzi. Hukokota trela za ng'ombe, za nyasi kavu na za mashine. Bei ya moja iliyo mpya mara nyingi hupita dola 60,000. Mtu wa kazi akikosea katika kuchagua hapotezi gari tu. Hupoteza na riziki yake, kwa maana deni la gari hulipwa kila mwezi hata kama gari limelala gereji. Tumezichagua pikapu hizi kwa sababu sifa zake na aibu zake zimejulikana kwa miaka mingi, nazo zafaa kuwa darasa kwa mnunuzi wa gari lo lote.

JINA LA KAMPUNI HALITOSHI

Watu wengi huuliza, "Iliyo bora ni ipi, Ford, Dodge au Chevrolet?" Swali hilo halina jibu, kwa sababu kampuni moja yaweza kutoa injini njema mwaka huu, na miaka michache baadaye ikatoa injini ya kuleta majuto. Tutazame habari za Ford.

Kutoka mwaka wa 1994 mpaka 2003 pikapu hizo za Ford zilitiwa injini ya dizeli ya lita 7.3, yenye silinda 8, iliyotengenezwa na kampuni ya Navistar. Haikuwa na mbio, nayo ilikuwa na kelele nyingi, lakini ilikuwa na mwili mzito wa chuma. Injini hiyo hiyo ilitumika katika malori na mabasi ya shule. Ugonjwa wake uliojulikana sana ulikuwa ni kifaa kidogo cha umeme mbele ya injini, kiipimacho nafasi ya kemshafti. Kikifa, injini huzimika ghafula njiani. Lakini bei yake ni ndogo, na wenye magari wengi walikuwa wakiweka cha akiba ndani ya gari.

Mwaka wa 2003 ilikuja injini ya lita 6.0, ya Navistar vile vile. Ilikuwa na nguvu zaidi na moshi wake ulikuwa safi zaidi, lakini ndani yake mlikuwa na mnyororo wa maafa. Kipoza oili chake kina vijia vyembamba, navyo huzibwa na takataka zilizomo katika maji ya rejeta. Maji yakipungua, kile kipoza moshi unaorudishwa ndani ya injini huchemka na kupasuka, na maji huingia katika silinda. Kichwa cha injini nacho kimeshikwa na boliti nne tu kuzunguka kila silinda. Nguvu ya ndani ikizidi, boliti hunyoka na gasketi huvuja. Hivyo uchafu usioonekana kwa macho huishia katika kufunguliwa kwa injini nzima. Ugomvi wa Ford na Navistar ulifika mahakamani mwaka wa 2007, na mapatano yakapatikana mwaka wa 2009. Tangu magari ya mwaka wa 2011 Ford hutumia injini ya lita 6.7 iliyoibuni yenyewe.

Basi tazama: jina lile lile la Ford, waliotengeneza injini ni wale wale, lakini gari la 2002 na gari la 2004 si ndugu. Mwenye hekima haulizi jina la gari peke yake. Huuliza ni injini gani, na ya mwaka gani.

INJINI NJEMA KATIKA MWILI DHAIFU

Kampuni ya Dodge ilichukua njia nyingine. Mwaka wa 1989 ilitia katika pikapu zake injini ya Cummins ya lita 5.9, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Cummins ni kampuni ya mji wa Columbus katika jimbo la Indiana, iliyoanzishwa mwaka wa 1919, na injini hiyo haikubuniwa kwa ajili ya pikapu, bali kwa malori na mashine za shamba. Nguvu zake za farasi zilikuwa 160 tu, lakini ilivuta kwa utaratibu bila kuchoka. Mpaka mwaka wa 1998 pampu yake ya dizeli iliendeshwa kwa vyuma vitupu bila ya akili ya umeme, na fundi wa kijijini aliweza kuielewa.

Hata hivyo haikukosa ila. Kuna pini ndogo mbele ya injini ambayo yaweza kulegea na kuanguka katikati ya gia. Fundi hodari huizuia kwa kipande cha bati kabla haijaleta hasara. Baada ya mwaka wa 1998 ilikuja pampu ya umeme iliyokufa mara nyingi, hasa pale pampu ndogo iletayo mafuta kutoka tangini ilipodhoofika. Na baadhi ya injini za miaka ile, zenye chapa ya 53 ubavuni, zilipata nyufa.

Lakini lililowasumbua wengi halikuwa injini. Giaboksi zisizo na klachi za Dodge za zamani hazikuweza kuihimili nguvu hiyo, viungo vya mbele vililegea upesi, na mwili ulikula kutu. Injini iliweza kuzeeka pamoja na mwenyewe, hali gari lililoibeba lilikuwa likianguka vipande vipande. Funzo ni kwamba gari ni mkufu wa pete nyingi, nao hukatika penye pete iliyo dhaifu. Asiyetazama ila injini hakutazama gari.

PAMPU NDOGO, HASARA KUBWA

General Motors iliungana na Isuzu, jina linalojulikana sana kwetu, kwa kuwa kiwanda cha Nairobi kiitwacho leo Isuzu East Africa kilikuwa General Motors East Africa mpaka mwaka wa 2017. Kampuni hizo mbili zilianzisha kiwanda cha injini huko Moraine, Ohio, mwaka wa 1998, na injini yao ya lita 6.6, iitwayo Duramax, ikatokea katika magari ya 2001. Injini za kwanza ziliharibika nozeli, nazo zilikuwa chini ya kifuniko cha injini, mahali pagumu kufikiwa. Kampuni ikaongeza dhamana ya nozeli hizo mpaka miaka 7 au maili 200,000. Zile za 2006 na 2007, zilizotoka kabla ya chujio la moshi kuanza kutumika, zilipendwa mno, na hata zilipozeeka bei yake haikuanguka kama ya nyingine.

Kisha mwaka wa 2011 General Motors na Ford zote mbili zilitumia pampu ya Bosch iitwayo CP4. Pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ndani yake kuna gurudumu dogo lipandalo na kushuka juu ya mhimili. Gurudumu likigeuka upande, chuma husaga chuma, na unga wa chuma hupelekwa katika mabomba na nozeli zote. Gharama ya kutengeneza huweza kupita dola 8,000. Dizeli ya Marekani huruhusiwa kuwa na ulainifu mdogo kuliko ile ya Ulaya, na wengi huona kwamba jambo hilo liliongeza maafa. General Motors iliiacha pampu hiyo katika magari ya 2017. Ram nayo iliitumia mwaka wa 2019 na 2020 tu. Kisha ikarudia pampu ya zamani, na mwaka wa 2021 ikawaita wenye magari hayo wayarudishe yakatengenezwe.

MOSHI NA SHERIA

Dizeli ya Marekani ilipunguzwa kiberiti sana kuanzia mwaka wa 2006, na tangu 2007 pikapu hizi huwa na chujio la masizi katika bomba la moshi. Nyingi za zile zilizofuata zilitiwa pia tangi la maji ya urea. Hewa iliyo safi ni neema kwa watu wote, lakini chujio hilo hutaka joto ili lijisafishe. Gari liendalo safari fupi fupi za mjini halipati joto la kutosha. Chujio huziba, na katika injini nyingine, kama ile Ford ya lita 6.4 ya miaka ya 2008 mpaka 2010, dizeli inayotumwa kuunguza masizi huteremka na kuchanganyika na oili.

Wengine huving'oa vyombo hivyo. Jambo hilo ni kuvunja sheria, na anunuaye gari la namna hiyo hununua na mashaka yake. Hata wakubwa hawakusalimika: Desemba 2023 kampuni ya Cummins ilikubali kulipa faini iliyozidi dola bilioni 1.6 kwa ajili ya vyombo vya kukwepa vipimo vya moshi katika pikapu za Ram.

JINSI UVUMI UDANGANYAVYO

Mtu akiona pikapu ya mwaka wa 1995 bado yafanya kazi, husema, "Za zamani zilikuwa imara zote." Amesahau kwamba zilizokufa hazionekani barabarani. Vile vile anayelalamika husikika kuliko watu mia wanaokwenda zao kwa salama. Na sifa za gari lililotoka mwaka jana si ushuhuda, kwa sababu ubovu mwingi hauonekani kabla ya maili 100,000. Mwenye subira hungoja miaka mitatu au minne, makosa ya mwanzo yajulikane na kurekebishwa.

MAMBO YA KUANGALIA

Anunuaye pikapu ya dizeli iliyotumika na afuate haya:

1. Aombe karatasi za matengenezo, aone oili na machujio yalibadilishwa lini. Gari lenye maili 200,000 na daftari safi ni afadhali kuliko lenye maili 90,000 lisilo na ushahidi wo wote.

2. Apime maili kwa saa. Pikapu nyingi za siku hizi huhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Maili 100,000 kwa saa 2,500 ni wastani wa maili 40 kwa saa, yaani gari la safari ndefu. Maili hizo hizo kwa saa 5,000 ni gari lililounguruma sana likiwa limesimama. Injini yake imechoka kuliko saa ya maili inavyosema.

3. Aiwashe injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mgeni kufika huenda ana la kuficha.

4. Afungue kifuniko cha oili injini ikiwa inakwenda. Moshi mwingi unaosukuma kwa nguvu ni dalili ya silinda zilizolika.

5. Apeleke oili kidogo kupimwa. Vipimo huonyesha chuma kinacholika, vumbi lililopenya, na dizeli au maji ya rejeta yaliyoingia katika oili.

6. Alale chini atazame chesesi, hasa kama gari latoka majimbo ya baridi ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Injini hubadilishwa, chesesi iliyoliwa na kutu ni mwisho wa gari.

7. Aulize lilikokota nini, na kama nguvu za injini zimeongezwa kupita zile za kiwandani. Aliyekamua nguvu zaidi hukopa katika umri wa injini, na atakayelipa deni ni mnunuzi wa pili.

8. Aulize bei ya spea, na ni nani awezaye kulitengeneza karibu na kwake.

Mashauri haya hayahusu pikapu za Marekani peke yake. Mtu atakayenunua Isuzu ya kupeleka maziwa Limuru, au Land Cruiser ya kupita njia za Turkana, aweza kuyatumia yote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dola chache au shilingi chache zinazolipwa kwa fundi mwaminifu kabla ya kununua huokoa fedha nyingi baadaye, na mwenye gari hulala usingizi akijua kwamba asubuhi litawaka.