Mmweko wa Algol wa Mwaka 1997: Kupatwa kwa Nyota kama Kipimo

Mmweko wa nyota ni mfumuko wa ghafla wa nishati iliyojikusanya katika uga wa sumaku juu ya uso wa nyota. Gesi hupashwa joto hadi makumi ya mamilioni ya digrii, na hapo hutoa eksirei kwa wingi. Tatizo la mtafiti ni kwamba nyota ya mbali huonekana kama nukta tu: chombo hupima mng'ao unavyopanda na kushuka, lakini hakionyeshi mmweko umetokea wapi wala una kimo gani.

Algol, ambayo jina lake la Kiarabu lina maana ya zimwi, ni nyota mbili zinazozungukana kila siku 2.87. Kutoka Musinzira huonekana upande wa kaskazini katika usiku wa Disemba, na mwenye subira hutambua kwa macho matupu kufifia kwake, nyota hafifu inapoipita mbele ile angavu. Katika eksirei mambo hugeuka: nyota angavu, Algol A, haitoi karibu chochote, ile hafifu, Algol B, ndiyo inayong'aa. Kwa hiyo A inapopita mbele ya B huwa kama pazia ambalo ukubwa na mwendo wake vinajulikana.

Tarehe 30 Agosti 1997, setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, ilinasa mmweko mkubwa wa Algol. Ulipokuwa ukififia, eksirei zake zilitoweka kabisa, kisha zikarejea. Schmitt na Favata, katika jarida la Nature mwaka 1999, walionyesha kuwa mmweko ulikuwa karibu na ncha ya kusini ya B, na kwamba kimo chake hakikuzidi 0.6 ya nusukipenyo cha nyota hiyo. Matokeo hayo yalikuwa na uzito. Baadhi ya wataalamu walidhani kuwa mimweko mikubwa kiasi hicho huhitaji daraja la sumaku kati ya nyota mbili. Kupatwa huko kulionyesha kwamba gesi haikutanda katikati yao. B ilitosha peke yake, kama Jua letu linavyojitosha.

Kisa hiki kinatuhusu kwa jambo ambalo maandishi yetu hulipita haraka. Angahewa huzuia eksirei, hivyo lazima zipimwe kutoka angani. Na njia inayoambaa ikweta hukingwa vyema na sumaku ya Dunia dhidi ya chembe zinazochafua vipimo. BeppoSAX ilifuata njia hiyo, na katika kila mzunguko wa takribani dakika 96 ilishusha data zake katika kituo cha Malindi, Kenya. Gitega na Malindi ziko karibu katika latitudo moja, na setilaiti ilivuka anga ya Burundi au jirani yake dakika chache kabla ya kufika huko. Kutoka pwani hiyohiyo ndiko setilaiti Uhuru iliporushwa tarehe 12 Disemba 1970. Ndiyo iliyofichua kupatwa kwa Centaurus X-3 na Hercules X-1.

Kwa maoni yangu, mijadala ya sera hudumu mno kwenye ardhi na mitambo, na kusahau data. Data za BeppoSAX ziko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa Gitega mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchora upya mchirizi wa mng'ao wa Agosti 1997, akatia alama pale eksirei zilipokatika na ziliporudi, kisha akakokotoa mwenyewe kimo cha mmweko.