Kabla ya kununua sabufa kubwa zaidi, sogeza kwanza hizo spika

Kutoka Tabora hadi Ujiji, kwenye njia ileile ya misafara ya zamani, sebule nyingi zimepangwa kwa namna moja. TV iko juu ya kabati, spika mbili zimebananishwa ubavuni mwake, na sabufa imesukumwa kwenye kona. Besi inatikisa vikombe, lakini maneno ya mwimbaji hayasikiki. Mwenye nyumba anaona seti ni mbovu, anaanza kutafuta hela ya kubwa zaidi. Kumbe seti ni nzima, imekaa vibaya tu.

Muziki wa stereo umegawanywa pande mbili. Ubongo hutambua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha kinachofika sikio la kushoto na la kulia. Spika zikibanana, tofauti hiyo inapotea, na gitaa, tarumbeta na mwimbaji vyote vinarundikana sehemu moja.

Dawa yake ni pembetatu. Spika zikiachana mita 2, msikilizaji naye akae mita 2 kutoka kila moja. Kipande cha kamba kinatosha kupimia. Kila spika igeuzwe kidogo kumwelekea aliyekaa, na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio yake. Sauti nyembamba huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Spika ikiwa juu ya kabati refu, inamulika ukuta wa nyuma.

Besi ina tabia tofauti, husambaa kila upande. Sabufa ikiegemea ukuta besi huongezeka, na kwenye kona huzidi kabisa, maana kuta mbili pamoja na sakafu zinairudisha chumbani. Kuivuta mbele hata nusu mita kunaweza kuyatoa maneno ya wimbo yaliyokuwa yamefunikwa. Kwa wapangaji wa chumba na sebule kuna na suala la jirani: sabufa isigusane na ukuta mnaochangia. Kipande cha godoro chini yake hupunguza mtikisiko unaopita sakafuni, ingawa saa sita usiku hakitaokoa urafiki wa mtu.

Halafu kuna chumba chenyewe. Sakafu ya sementi na kuta za plasta hurudisha sauti kama darasa tupu. Ukipigwa kofi moja na mlio ukabaki hewani, zulia zito mbele ya kochi na pazia nene vitasaidia kuliko kuongeza sauti. Mkeka mwembamba hausaidii sana. Na mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, basi tena, hapo hakuna mpangilio utakaoishinda.

Kipimo kizuri cha kazi yote hii ni nyimbo za zamani. Tabora ndiyo nyumbani kwa Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz ya Shem Karenga, na rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1960 ni za mono, yaani spika zote mbili hutoa kitu kilekile. Zikikaa sawa, mwimbaji atasikika katikati kabisa, pale ambapo hakuna spika. Akiegemea upande mmoja, spika moja iko karibu zaidi au balansi imeguswa.

Asiposhikika mahali popote, na besi nayo imekonda, tatizo huwa nyaya. Mara nyingi nyekundu imechomekwa penye nyeusi kwenye spika moja tu. Spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, basi besi inajifuta yenyewe. Zima seti, geuza nyaya za upande huo, washa tena wimbo uleule.