Je, Wajua? Enema na Mkono wa Muuguzi

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya puru haisikii maumivu ya kuungua wala ya kukatwa? Mlango wa haja wenyewe una hisia kali, na aliyewahi kuugua bawasiri hahitaji kuelezwa. Lakini ukiingia ndani sentimita mbili hivi, mishipa ya fahamu inabadilika. Huko utumbo unahisi kujaa na kuvutwa tu. Ndiyo maana maji ya moto mno yanaweza kumbabua mgonjwa kwa ndani naye asipige kelele, na mpira wa kupitishia maji uliosukumwa kwa nguvu unaweza kutoboa utumbo bila yeye kushtuka papo hapo. Enema, yaani maji au dawa ya maji inayopitishwa njia ya haja kubwa, huonekana kazi ndogo ya wodini. Si ndogo. Muuguzi anafanya kazi mahali ambapo mgonjwa hawezi kumwonya.

Je, wajua joto linalofaa? Kwa mtu mzima, nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi. Kipimajoto kisipokuwepo, muuguzi humwagia maji kidogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake kabla hayajamfikia mgonjwa. Maji baridi nayo hayafai, kwa sababu utumbo hujikaza na tumbo likasokota.

Je, wajua kwa nini mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto? Utumbo mpana humalizikia upande huo. Mgonjwa akilala hivyo, goti la kulia likiwa limekunjwa kuelekea kifuani, maji huteremka kwa uzito wake yenyewe. Kumwekea mtu enema akiwa ameketi chooni ni kosa, ingawa hufanyika: mpira hukwaruza ukuta wa puru.

Je, wajua kwamba urefu wa kuninginiza mfuko wa maji ndio unaoamua kasi na shinikizo la maji? Kwa mtu mzima mfuko hauzidi sentimita 45 juu ya usawa wa mgonjwa. Mtazame muuguzi mzuri akiwa kazini. Kwanza anaeleza anachotaka kufanya na kuomba ridhaa, anafunga pazia, anamwacha mgonjwa akakojoe. Anatandika makintoshi, yaani shuka la mpira, na kuweka beseni karibu, kwa sababu hakuna aibu kubwa kwa mtu mzima kama kuchafua kitanda mbele ya watu. Anavaa glavu, anaacha maji yatangulie kidogo ili hewa itoke mpirani, anapaka jeli kwenye ncha. Anamwambia mgonjwa avute pumzi ndefu kwa mdomo, na wakati msuli umelegea ndipo anapopitisha mpira, ncha ikielekea kitovuni, sentimita 7 hadi 10 tu. Kwa mtoto mdogo ni sentimita 5 au 7. Kwa mtoto mchanga, 2 au 3. Akikutana na kizuizi hasukumi. Anaruhusu maji kidogo yapite, anajaribu tena taratibu, na ikishindikana anaacha na kumwita daktari.

Mgonjwa akilalamika tumbo linamsokota, mpira hubanwa au mfuko hushushwa hadi maumivu yatulie. Akitoka jasho, akapauka, mapigo ya moyo yakapungua, kazi inasimama hapo hapo: kupanuka kwa puru kunaweza kuamsha mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo, na mtu akazirai. Kwa aliyeumia uti wa mgongo shingoni au sehemu ya juu ya kifua, hatari ni ya aina nyingine. Shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla hadi kutishia maisha.

Je, wajua kwamba enema za kusafisha hazirudiwi ovyo? Agizo la “hadi maji yatoke safi” lina ukomo, na vitabu vingi vya uuguzi husema zisizidi tatu. Maji ya bomba yasiyo na chumvi hunyonywa na mwili. Yakirudiwa, damu huzimuka, sodiamu hushuka, na mgonjwa anaweza kupata degedege. Maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja, ndiyo salama zaidi, na kwa mtoto ndiyo pekee yanayofaa.

Na sabuni? Inayotumika ni ya maji ya kastili, mililita 3 hadi 5 kwa lita. Sabuni ya kufulia huunguza utando wa utumbo. Kwa yeyote anayeichovya nyumbani kwa nia njema: acha.

Je, wajua kwamba si kila enema hutakiwa kutoka upesi? Zipo za kubaki ndani, nyingi zikiwa za mililita 150 hadi 200 hivi. Mafuta hukaa nusu saa au zaidi yakilainisha kinyesi kilichoganda. Mgonjwa wa ini aliyepoteza fahamu, asiyeweza kumeza, huwekewa mililita 300 za laktulosi zilizochanganywa na 700 za maji, ili amonia iliyoulewesha ubongo wake ipungue. Bariamu huingizwa ili utumbo uonekane kwenye eksirei.

Ile chupa ndogo ya enema ya fosfeti inayouzwa dukani ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu haionekani ya hatari. Januari 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya isitumiwe zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Kama haikutoka na ikanyonywa, fosfeti hujaa damuni, kalisi hushuka, moyo hupoteza mapigo yake. Wazee na wenye figo dhaifu ndio wanaoathirika zaidi.

Je, wajua kwamba mwaka 1886 daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, alieleza ugonjwa wa watoto wanaozaliwa bila seli za fahamu mwishoni mwa utumbo mpana? Yeye aliona utumbo uliovimba. Upungufu wa seli ulithibitishwa baadaye. Humpata mtoto mmoja kati ya 5,000 hivi. Kinyesi hukwama juu ya sehemu isiyosukuma, tumbo likavimba na kung’aa, mtoto akatapika. Wengi hapa kwetu hufika hospitali wakiwa wameshachelewa. Wakisubiri upasuaji, maisha yao hutegemea kuoshwa utumbo: muuguzi hupitisha mpira laini, huingiza maji ya chumvi vuguvugu kidogo kidogo kwa bomba la sindano, jumla mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, na kila yanapoingia huyaacha yatoke. Hupima yaliyoingia, hupima yaliyotoka. Yakibaki ndani ni dalili mbaya. Akina mama hufundishwa kazi hii na huifanya vizuri, kwa subira ninayoiheshimu sana. Hapo maji matupu ni marufuku, kwani utumbo uliopanuka huyanyonya kwa wingi na yanaweza kumuua mtoto.

Daktari huyo huyo, mwaka 1876, alichapisha habari za watoto ambao utumbo wao ulikuwa umejiingiza ndani ya mwingine, nao akawatibu kwa shinikizo la maji bila kisu. Leo hutumika zaidi hewa, chini ya eksirei au altrasaundi, daktari wa upasuaji akiwa karibu. Mtoto mwenye tatizo hili, mara nyingi wa miezi 5 hadi 9, hulia kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha hupata choo chenye damu na makamasi. Ukiona hivyo, usingoje kesho.

Je, wajua kwamba enema ya kawaida kwa kila mama aliye leba haina faida? Tafiti hazikuonyesha kwamba inafupisha uchungu wala kupunguza maambukizi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 hauipendekezi. Kuna wodi bado zinawaandaa wazazi hivyo kwa mazoea tu. Mama ana haki ya kuuliza ni ya nini.

Je, wajua kwamba Mafunjo ya Ebers ya Misri, ya mwaka 1550 KK hivi, tayari yanataja enema? Kwamba katika karne ya 18 watu waliozama mto Thames, London, walipuliziwa moshi wa tumbaku njia ya haja ili wafufuke? Kwamba Rais James Garfield wa Marekani, aliyepigwa risasi Julai 1881, alilishwa viini vya mayai na mchuzi wa nyama kwa njia hiyo? Alikonda vibaya na kufariki Septemba 19. Utumbo mpana hunyonya maji na chumvi. Protini na mafuta hauwezi kuvitumia.

Je, wajua kuhusu Ramadhani? Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, husema enema hubatilisha saumu. Mwanazuoni Ibn Taymiyya hakuona hivyo. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, kwa hiyo hakuna sababu ya kuahirisha tiba inayohitajika.

Kuhusu “kusafisha sumu” kwa mashine: kati ya 1978 na 1980, katika kliniki moja ya Colorado, Marekani, mashine isiyotakaswa ipasavyo ilieneza amiba kwa wateja. Kumi walikatwa utumbo mpana, na baadhi yao walifariki. Utumbo wenye afya hujisafisha wenyewe.

Asiwekewe enema mwenye maumivu makali ya tumbo yasiyojulikana chanzo, mwenye kidole tumbo, utumbo ulioziba, damu inayotoka njia ya haja, au aliyefanyiwa upasuaji wa puru hivi karibuni, isipokuwa daktari ameagiza. Ukishawekewa, kisha ukaona damu, homa, au tumbo gumu linalouma, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto mchanga asiyepata choo ndani ya saa 48 tangu azaliwe, msimpe dawa za mitishamba wala enema nyumbani. Mpelekeni hospitali leo.