Telefone inaharibu akili ya mtoto? Tuogope nini kweli?

Wandugu, huku kwetu Rubaya mtoto akiweka telefone kwenye sikio, mama anapiga kelele: "Acha, itakuunguza bongo!" Je, ni kweli? Sisi tuliosoma tunapaswa kujibu vizuri.

Mionzi iko ya aina mbili. Ile ya radiografi ya hospitali inaweza kuharibu chembe za mwili. Ile ya telefone ni mawimbi ya redio: nguvu hiyo haina, inapasha joto kidogo tu. Mwaka 2011 shirika la OMS la utafiti wa kansa liliiweka katika kundi 2B, maana yake "labda inaleta kansa", si kwamba imehakikishwa.

Na akili je? Uswisi walifuata vijana karibu 700 wa miaka 12 mpaka 17, kwa mwaka 1. Matokeo ya 2018: kumbukumbu ya maumbo ilionekana kudhoofu kwa wale ambao bongo yao ilipata mawimbi mengi, zaidi wanaoongea kwa sikio la kuume. Kuandika mesaje na kucheza michezo hakukuonyesha hivyo, juu telefone iko mbali na kichwa. Lakini watafiti wenyewe walisema mambo mengine, kama kubalehe, yanaweza kuwa yamechangia. Basi ni alama ya kuangalia, bado si hukumu.

Kwetu kuna jambo moja la kujua. Katika milima ya Masisi rezo iko dhaifu, na telefone inayotafuta mnara wa mbali inaongeza nguvu ya kutuma. Basi mtoto asiongee muda mrefu pahali rezo ni kidogo. Weka sauti ya nje, telefone ikae mbali na kichwa.

Usiku, itoe kitandani kabisa. Usingizi ukikatika, kesho darasani hakuna kitu kinaingia. OMS ilisema 2019: mtoto wa chini ya mwaka 1, skrini hapana, wa miaka 2 mpaka 4, isipite saa 1 kwa siku.

Ila tusijidanganye. Koltani ya vilima vyetu inaingia ndani ya telefone za dunia nzima, na kuna mtoto anayebeba mufuko wa mchanga saa wenzake wako darasani. Huyo akili yake haipotezwi na mawimbi. Inapotelea kwenye shimo.

Mzazi akikuuliza juu ya mionzi, mjibu. Kisha na wewe muulize: mtoto alienda masomo leo?