Maji Yakiingia Mlimani

Uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita 17 mashariki mwa Kisangani, umejengwa kwenye ardhi tambarare, mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Eneo hilo hupata mvua ya milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka na halina kiangazi cha kweli. Hunyesha zaidi Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Hiyo ni mvua nyingi kuliko ya Bukavu au Kinshasa. Hata hivyo, habari za watu kufukiwa na udongo wakiwa usingizini hutoka Bukavu na Kinshasa. Kuilaumu mvua ni rahisi, lakini milimita zilezile huleta madimbwi mahali pamoja na msiba mahali pengine, kutegemea mwinuko, aina ya udongo na njia ambayo maji yanapewa.

Udongo wa mteremko hushikiliwa na msuguano wa chembe zake, na katikati ya chembe hizo mna vijitundu vyenye hewa. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji hushuka na kuifukuza hewa hiyo. Yakifika kwenye mwamba au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji, hujikusanya na kuanza kuzisukuma chembe ziachane. Mhandisi Karl Terzaghi alilifafanua jambo hili katika miaka ya 1920: nguvu inayozibana chembe hupatikana kwa kutoa msukumo wa maji katika uzito wa udongo ulio juu yake. Wakati huohuo mzigo unaongezeka, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya udongo, yenye tani 1.6 hivi ikiwa kavu, hukaribia tani 2 ikilowa kabisa. Kwa hiyo mlima unaweza kustahimili mvua kubwa ya mwanzo wa msimu, kisha ukaangushwa na ya wastani iliyokuja baada ya wiki kadhaa za manyunyu.

Mwanadamu naye ana mkono wake. Anayetaka parseli tambarare mlimani huchimba upande wa juu na kumwaga kifusi upande wa chini. Kwa tendo hilo moja amekata mguu wa mteremko ulio nyuma ya nyumba, na ameweka sebule yake juu ya udongo usioshindiliwa. Kisha anaezeka mabati. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 80 hukusanya lita 4,800, sawa na mapipa 24 ya lita 200, na pasipo mfereji maji yote hayo hudondoka kwenye msingi au hushukia kwa jirani wa chini. Nyumba mia zikipangana hivyo, kilima hupokea maji mahali ambapo hayakuwahi kupita.

Tarehe 17 Septemba 2023 mambo hayo yalikutana Lisala, mji mkuu wa mkoa wa Mongala, ulio kando ya mto Kongo, mbali chini ya Kisangani kwa mkondo. Baada ya mvua kubwa, kilima kiliangukia nyumba zilizojengwa chini yake, na watu wasiopungua 17 wakafa.

Kivu ni kukali zaidi. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, wilayani Kalehe, mito ya milimani ilishuka na matope na mawe hadi Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400. Huko miteremko ni mikali, na misitu mingi imegeuzwa mashamba. Mti ukikatwa, mizizi yake huendelea kushika udongo kwa muda, kisha huoza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu ukanda wa Kivu na kaskazini mwa Tanganyika ulionyesha kwamba ukataji wa msitu huleta wimbi la maporomoko linalodumu miaka 15 hivi. Aliyefyeka anaweza kuwa amekwisha kuhama.

Bukavu kuna mfano wa polepole. Mtaa wa Funu umekaa juu ya poromoko kubwa la kale ambalo bado linatembea, kuta zikipasuka na kuzibwa mwaka hadi mwaka. Watafiti waliolinganisha picha za miongo saba waligundua kuwa baadhi ya sehemu zake zimeongeza mwendo kadiri mji ulivyosongamana, na maji ya mji, yakiwemo yanayovuja kwenye mabomba, yanahusika. Kinshasa shida ni mchanga: vilima vyake huchimbwa na maji ya barabarani vikawa makorongo, ambayo wenyeji huyaita erosioni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya Kongo, yenye jumla ya kilomita 740 hivi.

Kinga huanza na maji: mifereji ya saruji inayofika hadi bondeni, matangi chini ya paa, mianzi na nyasi za vetiva kwenye kingo. Mfereji unaoishia katikati ya mteremko ni mbaya kuliko kutokuwa nao.

Utabiri umeanza kupiga hatua. Watafiti wa Kivu hutumia mvua iliyopimwa na setilaiti na kuhesabu wiki sita zilizotangulia, mvua ya jana ikipewa uzito zaidi kuliko ya mwezi uliopita. Hesabu hiyo huonyesha eneo lililolowa, haionyeshi nyumba. Dalili za nyumba huonekana kwa macho: ufa wa upinde juu ya kilima, mlango ulioanza kukwama, mgomba ulioinama, chemchemi iliyobadilika rangi au kukauka ghafla wakati mvua inaendelea. Hapo familia huondoka kabla ya usiku. Udongo ukiwahi kuanza kushuka, anayekimbia kuteremka hufuatana nao njia moja. Njia ya kuokoka ni kukimbilia pembeni, kwenye ardhi iliyoinuka.