Maji ya Mvua na Mabaki ya Mgodi: Mambo ya Kuzingatia kabla ya Mvua Kuanza

Katika maeneo ya uchimbaji wa dhahabu kama vile Geita na Kahama, mawe yakishasagwa na kuoshwa husalia mchanga na tope laini, ambavyo wachimbaji wadogo huviita marudio. Wakati wa kiangazi rundo hilo hutulia mahali pake. Mvua inaponyesha, huanza kusafiri kuelekea mashambani na visimani.

Wingi wa maji hayo hukadiriwa kwa urahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hivyo, mvua ya milimita 50 juu ya hekta 1 huleta lita 500,000. Kwa kuwa marudio ni laini na hayana mizizi ya kuyashikilia, maji hayo huchimba vijito, na vijito visipozibwa mapema hugeuka makorongo.

Madhara ni ya aina mbili. Kwanza, tope hufunika mazao na kujaza mito. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likavamia mashamba na makazi. Pili, marudio ya dhahabu huweza kubeba zebaki iliyotumika kukamatia dhahabu. Aidha, baadhi ya miamba ina madini ya salfaidi ambayo, yakikutana na hewa na maji, huzalisha asidi inayoyeyusha metali kama aseniki na risasi.

Wajibu wa mwenye eneo

Kanuni ya msingi ni kutochanganya maji safi na maji machafu. Mfereji wa kukinga huchimbwa upande wa juu wa rundo, ili maji yatokayo mlimani yapite kando bila kuligusa. Maji yaliyokwisha kugusa marudio huelekezwa kwenye shimo la kutuamishia tope, nayo hayaruhusiwi kutiririka mtoni moja kwa moja. Miteremko mikali hupunguzwa kwa kukatwa ngazi, na rundo lisilotumika tena hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, kisha udongo wenye rutuba, na hatimaye hupandwa nyasi. Penye bwawa, nafasi ya kutosha huachwa kati ya maji na kilele cha ukuta, pamoja na utoro wa kupitishia maji ya ziada. Maji yakipita juu ya ukuta wa udongo huweza kuubomoa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo.

Wajibu wa mwananchi

Iwapo unaishi chini ya eneo la mabaki, kagua mambo yafuatayo kabla na baada ya kila mvua kubwa:

• nyufa, makorongo mapya au sehemu zenye unyevu kwenye ukuta;
• mifereji iliyoziba kwa mchanga au takataka;
• maji yenye rangi ya kutu au samaki waliokufa.

Uonapo dalili hizo, usitumie maji hayo wala kuyanyweshea mifugo. Fahamu kwamba kuyachemsha huua vijidudu tu. Zebaki na aseniki hubaki, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, aseniki huzidi kukolea. Hali kadhalika, maji maangavu si lazima yawe salama; kipimo cha maabara ndicho chenye kauli ya mwisho.

Toa taarifa mara moja kwa serikali ya kijiji na kamati yake ya mazingira, ofisi ya madini ya mkoa au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ukitaja mahali, tarehe na ulichokiona. Ukuta ukionyesha dalili za kubomoka, hamisha kwanza watu waende sehemu ya juu, taarifa ifuate.