Kosa la Kujaribu: Namna Mahakama Inavyopima Ushahidi Katika Rufaa

Hutokea mtu aliyefungwa kwa kosa la kujaribu kuua au kujaribu kuvunja ghala akaachiwa huru na mahakama ya juu, na baadhi ya wananchi wakadhani kuwa amependelewa. Makala haya yanaeleza kile ambacho mahakama hiyo hukipima kabla ya kutoa uamuzi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kosa la kujaribu lina mambo mawili ya msingi: kusudio la kutenda kosa, na kitendo cha wazi kinachoonesha kuwa utekelezaji umeanza. Maandalizi pekee hayatoshi. Anayenunua mtalimbo kwa nia ya kuvunja ghala bado anajiandaa. Anayekutwa akivunja kufuli kwa mtalimbo huo ameanza kutekeleza. Kuzuiwa na mlinzi hakumwondolei kosa.

Ugumu hujitokeza katika kuthibitisha kusudio, kwa kuwa halionekani kwa macho. Mahakama hulibaini kutokana na silaha iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, maneno yaliyotamkwa na mwenendo wa mshtakiwa. Katika kosa la kujaribu kuua, ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha, ni lazima kusudio la kuua lithibitishwe. Nia ya kujeruhi pekee haitoshi.

Katika rufaa ya kwanza, Mahakama Kuu huupitia upya ushahidi wote, ikizingatia kuwa hakimu ndiye aliyewaona na kuwasikia mashahidi. Haihesabu mashahidi, bali hupima uzito wa maelezo yao. Kwa mfano, kama tukio lilikuwa la usiku, hujiuliza kuhusu mwanga, umbali na muda ambao shahidi alimtazama mshtakiwa, kwa kufuata msimamo uliowekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980. Rufaa ya pili, inayosikilizwa na Mahakama ya Rufani, hujikita katika hoja za kisheria.

Ushahidi usipotosha, mahakama inaweza kufuta hatia, au kumtia mrufani hatiani kwa kosa dogo lililothibitishwa. Kesi hairudishwi kusikilizwa upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Anayekusudia kupinga hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anapaswa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi.

Kwa aliyedhurika, kuachiwa kwa mrufani kunaweza kuwa kuchungu. Hata hivyo, haimaanishi kuwa tukio halikutokea, bali kuwa ushahidi uliotolewa haukuondoa shaka. Kwa sababu hiyo, shahidi anayeeleza kikamilifu alichokiona tangu mwanzo huisaidia haki kusimama hadi ngazi ya mwisho.